Jina Tumboni mwa Kabula

Ko... ko, ko... ko.

Kengele ilisikika kabla ng'ombe hajaonekana. Scolastika alikuwa uani kwa baba yake, ameinamia ungo wa karanga, na mkono wake ukasita. Aliijua kengele ile kama alivyojua kikohozi cha mama yake. Ilikuwa kengele ya chuma cha kufuliwa, yenye mlio mzito, na kila jioni iliteremka kutoka malishoni kwa mwendo mmoja bila kuruka pigo. Leo iliruka. Ilipiga, ikanyamaza. Ikapiga tena mara mbili, ikanyamaza kama mtu anayetafuta pumzi katikati ya mlima.

"Huyo si Kabula," alisema.

"Ni Kabula," akajibu baba yake, mzee Jilala, huku akiinuka kwenye kigoda. "Ila leo hatembei. Anasukumwa na maumivu."

Kabula akatokea nyuma ya mchongoma, mwekundu mgongoni, mweupe tumboni, kichwa kimeinama. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba na kukaza kama ngoma iliyoanikwa motoni.

Kabula alizaliwa mvua ya kwanza ikinyesha baada ya ukame uliomaliza nusu ya zizi, ndiyo maana akapewa jina wanalopewa mabinti wanaozaliwa wakati wa mvua. Jilala hakuwa mtu wa maneno mengi kwa watu. Maneno yake aliwawekea ng'ombe. Alikuwa akimpiga Kabula mgongo kwa kiganja na kumwimbia:

*Kabula wangu wa mvua, mwenye mwendo wa harusi,*
*Ukipita hata jua, husimama kwa kiasi.*

Jioni ile hakuimba. Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akagonga ule ubavu kwa vidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mzee, mchinje kabla hajafa mwenyewe."

Alichinjwa kulipopambazuka. Tumbo lilipopasuliwa, katikati ya nyasi kavu za kiangazi lilitoka donge kubwa kuliko kichwa cha mtu: kamba za nailoni, vipande vya rambo za zamani, pakiti za biskuti, pakiti za sabuni, vyote vimesokotana kama mkeka. Wanaume walisema "Loo!" wakarudi nyuma. Jilala alichuchumaa akalichambua donge lile kwa mikono yake, kipande kwa kipande, kama anayemwosha maiti. Kisha akasimama na kitu mkononi. Akaenda kwenye mtungi, akakisuuza, akakileta mpaka alipokuwa amesimama binti yake.

Ilikuwa pakiti ya nailoni inayoonyesha ndani, na juu yake maandishi mekundu ambayo hata asidi ya tumbo la ng'ombe haikuyafuta: MATOBOLWA YA BINTI JILALA.

"Mayu, mama yangu," alisema kwa sauti ya chini, "nimelikuta jina langu tumboni mwa ng'ombe wangu."

Damu ilimpanda Scolastika usoni. Matobolwa yale yalikuwa kazi yake na fahari yake: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vitamu vya kutafuna njia nzima. Watu wengine hurithi mashamba. Yeye alirithi jina, akalipika, akaliuza kuanzia uani kwake Nyasubi, mjini Kahama, mpaka kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Siri yake ilikuwa kuchemsha viazi kwa maji ya chumvi. Na kila alipokuja kumsalimu baba aliwaletea watoto wa kaka zake pakiti tele, maana binti aliyefanikiwa haji nyumbani mikono mitupu. Watoto walikula, wakatupa pakiti nyuma ya zizi. Pakiti zilibaki na chumvi. Na ni ng'ombe gani wa Usukuma, kiangazi, nyasi zimekwisha, atakayepita kwenye chumvi asiilambe?

"Baba, si mimi niliyeitupa," alisema, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

"Sikusema umeitupa. Nimesema nimelikuta."

"Duniani kuna pakiti ngapi? Humo ndani mna sabuni, mna biskuti..."

"Hao wa biskuti siwajui," akasema Jilala. "Wewe nakujua." Akaichomeka ile pakiti kwenye mwiba wa boma la zizi, maandishi yakitazama njia. "Ondoa jina langu kwenye mifuko yako. Siku utakayoniletea mfuko ambao zizi hili litaumeza na kuugeuza samadi, jina nitakurudishia. Kabla ya hapo, uza viazi vyako bila baba."

*

Kuuza bila baba! Neno hilo alirudi nalo Nyasubi kama mwiba ulioingia kwenye soli.

Wanawake waliofanya naye kazi walimzunguka. Rebeka, Msumbwa wa upande wa Bukombe, mwenye mdomo usiojua likizo, ndiye aliyetangulia kusema. "Mama Blessing, kwani jina ni nini? Tuandike 'Matobolwa Bora', tuendelee na maisha."

"Bora anaandika kila mtu. Hata sabuni isiyotoa povu imeandikwa Bora."

"Basi tuandike jina la Blessing."

"Mwanangu hajafanya kazi ya kubeba jina la mtu yeyote. Ana miaka sita." Alikuwa amekwisha kuchukua mkasi. Alikata sehemu yenye jina kwenye pakiti zilizobaki, moja moja, na kila alipokata aliona anajikata kidole. "Nitalirudisha jina hili, Rebeka. Sitalibadilisha kama nguo iliyoingia tope."

Kesho yake alipanda gari kwenda Shinyanga, mtaa wa Kambarage, kwenye duka la Herman. Kijana huyo aliuza vifungashio vya kila namna, na alikuwa na meno meupe na majibu ya haraka. Rambo za kubebea zilikuwa zimepigwa marufuku miaka kadhaa nyuma, lakini pakiti za kufungia vyakula zilikuwa bado zinaruhusiwa, na hizo ndizo zilizojaa rafu zake.

"Nataka mfuko unaooza," alisema Scolastika.

"Dada yangu, umefika nyumbani!" Herman akashusha robota. Mifuko ilikuwa laini, inang'aa, na pembeni imechorwa jani la kijani. "Huu hapa. Umeandikwa kabisa: unaoza wenyewe. Ukiuacha juani, mvua ikipita, haupo."

"Unakwenda wapi?"

"Unakwenda... unarudi ardhini."

"Umewahi kuona unarudi?"

"Dada, mimi nauza mifuko, silali nayo nje kuilinda." Mteja mwingine akacheka. Herman, kwa kuchekewa, akapata nguvu. "Sikia. Uchukue, ukauzike. Ukiukuta haujaoza, uniletee hapa hapa niutafune, wateja wakiangalia."

"Umesema."

"Nimesema!"

Akachukua mifuko ya jani la kijani. Akachukua na mifuko ya karatasi ya kaki, ile ya kahawia, nene, isiyo na urembo. Herman aliibeza. "Hiyo ni ya mikate ya jana, dada. Matobolwa yako yatalala humo na kuamka ugali."

Mvua za kwanza zilipoanguka, alikwenda kijijini na kuchimba kwenye lundo la samadi, pembeni mwa zizi. Samadi ilikuwa na joto kama uji. Alizika upande mmoja mifuko ya jani la kijani, upande mwingine ya kaki, akachomeka vijiti. Baba yake alikuwa akikamua upande wa pili. Walisalimiana kwa adabu zote, shikamoo na marahaba, lakini la mifuko hakuna aliyeligusa. Ile pakiti ilikuwa bado iko kwenye mwiba, inapeperuka. Hakuiomba. Na mzee hakuitoa.

*

Mvua zilipopumzika kidogo baada ya mwaka mpya, akarudi na jembe.

Upande wa kaki palikuwa hapana kitu. Alichimba, akatafuta kwa vidole, akapata nyungunyungu tu, wanene, wenye shibe. Upande wa jani la kijani nako mifuko haikuonekana, na kwa dakika moja alitaka kuamini. Mifuko ile iling'aa. Ilizuia unyevu. Ingemrahisishia kila kitu. Lakini alipoifikicha samadi kiganjani aliona vitu vinametameta: vipande vidogo kama magamba ya samaki. Akachota samadi akaitia kwenye kibuyu cha maji, akakoroga. Samadi ilizama. Magamba yakaelea, yakazunguka juu ya maji kama wageni wasiojua wanakokwenda.

Pakiti ya zamani ilimkaba ng'ombe mmoja. Mfuko huu ungesambaa na samadi, ukaliwa na ng'ombe wote pamoja na majani.

Alikibeba kibuyu kile mapajani mpaka Kambarage, akakiweka juu ya meza ya Herman.

"Si haupo?" Herman alisema baada ya kuchungulia. "Umevunjika. Si ndiyo kuoza?"

"Chungu kikivunjika kinakuwa udongo?"

Herman akakisogeza kibuyu pembeni.

"Kinakuwa vigae, Herman. Hivi ni vigae. Haya, ulisema utatafuna."

Wateja walikuwa wamesogea. Herman alicheka, akatazama kibuyu, akatazama wateja, akafuta meza ambayo haikuwa chafu. "Dada, yale yalikuwa maneno ya biashara. Na mimi sikuliandika lile jani, nimeletewa limeandikwa."

"Basi usilisemee kitu usichokijua," alisema Scolastika, akabeba kibuyu chake. Nyuma yake mtu mmoja aliuliza, "Sasa hatafuni?" na duka zima likaangua kicheko.

Alitoka kifua mbele. Lakini kifua mbele hakifungi viazi. Kaki imeoza, sawa. Lakini Herman alisema kweli juu ya jambo moja. Alipojaza matobolwa kwenye kaki tupu na kuyaweka dukani wakati wa mvua, yalivuta unyevu, yakalegea, yakaota ukungu wa kijani. Mfuko ulioza vizuri, na ulichokibeba kikaoza nao.

Siku moja wamekaa uani wakichambua yaliyoharibika, Rebeka akainua mguu wake na kujipaka kitu kwenye nyufa za kisigino.

"Nini hicho?"

"Nta. Nimeletewa na kaka yangu kutoka kwenye mizinga. Ukipaka hii, hata ukanyage matope siku nzima maji hayaingii..." Rebeka akasita, mkono umebaki kisiginoni. Wakatazamana.

"Rebeka," alisema Scolastika polepole, "lete hicho kisigino chako hapa."

"Kisigino ni changu! Chukua nta!"

Waliyeyusha nta kwenye sufuria, wakaipaka kwenye kaki kwa kitambaa, wakaianika kwenye kamba kama nguo za mtoto. Karatasi ikabadilika, ikawa na rangi ya asali na mguso wa ngozi. Wakaimiminia maji. Maji yakakusanyika, yakateleza, yakaanguka chini. Rebeka akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. "Wasukuma mna ng'ombe," aliimba, "Wasumbwa tuna nyuki! Bila sisi mngekula ukungu!"

Wakashona midomo ya mifuko kwa uzi wa pamba. Scolastika aliikimbiza mitatu kijijini, akaizika kwenye lundo, akachomeka kijiti kipya. Iliyobaki akaijaza matobolwa, bila jina, akaituma machimboni kwa Marwa.

Marwa alikuwa Mkurya wa Tarime, mwenye duka kubwa katikati ya maduara, mashimo ya wachimbaji, huko Geita. Ndiye aliyemnunulia mzigo mwingi kuliko wote. Simu yake ilikuja mapema kuliko walivyotarajia, na ilikuja kwa kishindo.

"Mama Blessing! Umeniletea viazi au umeniletea mzinga?"

"Kaka Marwa, kuna nini?"

"Nyuki! Dukani! Wameingia kama askari! Wachimbaji wangu wanashuka shimoni ukuta ukiwa na ufa, hawaogopi, leo wamekimbia wameacha hadi viatu! Mmoja amejirusha kwenye pipa la maji!"

Scolastika alimgeukia Rebeka. "Nta yako. Mliichemsha kwanza?"

"Kuichemsha ya nini? Nta ya kwetu ni safi, haina hata..." Rebeka akajishika mdomo. "Ina asali."

Hilo lilikuwa kosa lao, na nani mwingine wa kulaumiwa? Nta imetoka msituni na utamu wake, wao wakaipaka kwenye karatasi wakampelekea mtu karamu ya nyuki. Scolastika aliona aibu, kisha akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaingia kazini. Safari hii waliichemsha nta kwenye maji mengi, wakaichuja kwa kitambaa, wakaiacha igande juu, wakamwaga maji matamu ya chini, wakarudia tena mpaka nta ikawa haina harufu ya kumwita hata sisimizi. Akatuma mzigo wa pili. Kutoka machimboni hakukuja neno lolote, si baya, si zuri.

*

Mvua zikaisha. Viazi vipya vikaanza kuingia sokoni, na moshi wa masufuria makubwa ukapanda tena uani Nyasubi. Ndipo siku moja mchana lori likasimama langoni, na Marwa mwenyewe akashuka, mrefu, kofia kichwani, akifuatwa na utingo aliyebeba marobota mawili.

"Habari za hapa, Mama Blessing. Nimekuja kumaliza shida yako."

Akakata kamba. Ilikuwa mifuko inayong'aa, yenye jani la kijani pembeni. Na katikati, kwa maandishi mekundu makubwa, mazuri kuliko aliyowahi kuyachapisha yeye mwenyewe: MATOBOLWA YA BINTI JILALA.

Visu vya kumenyea vikasimama. Rebeka akachungulia kutoka jikoni.

"Nimepitia kwa Herman pale Kambarage," Marwa akaendelea, amejaa furaha ya mtoa zawadi. "Anasema wewe na yeye mnafahamiana. Kila siku wateja wananiuliza, 'Binti Jilala yuko wapi?' Nawaambia ni hii hii ya karatasi, hawaamini. Sasa jina limerudi! Jaza nichukue mzigo wa msimu mzima."

Mzigo wa msimu mzima. Masufuria yalikuwa yanachemka nyuma yake. Wanawake waliokuwa wakimenya walikuwa na watoto shuleni. Scolastika aliuchukua mfuko mmoja, akaupitishia kidole juu ya jina. Lilikuwa zuri kweli. Akaukunja akauweka juu ya robota.

"Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Yote. Jina hili hukupewa wewe, wala Herman. Hata mimi sina ruhusa nalo kwa sasa. Kama unataka mzigo, uko kwenye karatasi ya nta, na hauna jina."

Furaha ilitoka usoni mwa Marwa. "Mama Blessing, wachimbaji hawali mfuko. Wanakula kilichomo."

"Najua wasichokula wao nani anakila."

"Unasemaje?"

"Nasema rudisha."

"Mtaa wa Nyahanga kuna wanawake wanaopika matobolwa vilevile. Nikitoka hapa nakwenda kwao."

"Njia unaijua."

Marwa aliivuta kofia yake chini, akampa ishara utingo. Marobota yakabebwa. Scolastika alisimama wima, kidevu juu, na hakuna aliyeona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vimeshika khanga nyuma ya mgongo. Asingemwambia. Msiba wa nyumbani kwao haukuwa wa kusimuliwa ili mtu amwonee huruma na kumnunulia viazi.

Lakini Rebeka hakuwa na ugonjwa huo.

"We Mkurya!" alipiga kelele kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Unamfokea bure! Jina hilo limetolewa tumboni mwa ng'ombe! Ng'ombe wa baba yake kafa, kapasuliwa, kakutwa kameza mfuko wenye jina la mwenye zizi! Wewe ungeliandika tena?"

"Rebeka!" Scolastika aligeuka.

Marwa alikuwa amekwisha kuweka mguu kwenye ngazi ya lori. Akautoa. Akavua kofia.

"Ng'ombe gani?" aliuliza.

Rebeka akashusha mwiko.

"Nauliza, ng'ombe gani? Dume au jike?"

"Jike," alisema Scolastika. "Kabula. Mwekundu, tumbo jeupe. Ndiye aliyelirudisha zizi baada ya ukame."

Marwa alirudi mpaka katikati ya ua, akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alikaa pale na kofia magotini.

"Sasa mwanamke wewe," alisema mwishowe, karibu kwa uchungu, "tangu kiangazi kile unaniambia karatasi, nta, kuoza, sijui samadi. Mimi nadhani umesikia semina. Ungesema ni ng'ombe! Mkurya ukimwambia ng'ombe, anahitaji maelezo gani tena?"

Rebeka akacheka wa kwanza. Kisha wote.

"Na lingine nikuambie," Marwa akaongeza, akikuna kichwa, "maana sasa nimekaa. Ile mifuko yako ya pili, isiyo na nyuki. Viazi vilikaa vikavu mvua yote. Na mifuko mitupu wachimbaji wanaigombea. Mkaa ukilowa kule hauwaki hata uupigie magoti. Wanachana kipande cha karatasi yako ya nta, wanakiwasha, jiko linashika. Mama ntilie wote wanaitaka. Pale dukani kwangu huokoti hata mfuko mmoja chini."

"Na hukunipigia simu kuniambia!"

"Mfanyabiashara akikusifia mzigo, ujue ameshaununua," alisema Marwa, bila haya. Akasimama. "Huyo mzee yuko wapi? Nimpe pole."

*

Walimkuta Jilala akiziba pengo kwenye boma. Marwa alimpa shikamoo kwa mikono miwili, akampa pole ya ng'ombe kama inavyotolewa pole ya mtu. Jilala aliipokea kwa kumtazama machoni kwa muda mrefu. Kisha akamtolea kigoda, jambo ambalo hakumfanyia kila mgeni.

Ile pakiti ilikuwa bado iko kwenye mwiba. Jua la kiangazi na mvua yote vilikuwa vimeipitia, na jina lilisomeka kama siku ile.

"Baba," alisema Scolastika, "nimekuja kuchimba."

"Kijiti kiko pale."

Alichimba. Samadi ilikuwa nyeusi, imeiva. Alishuka kiganja, akashuka mkono mzima, hakuona kitu. Kisha jembe likagusa kitu cha kahawia, bapa, chenye pembe. Pembe ya mfuko. Alijua bila kuuliza ilikuwa pembe ya mfuko, pale ambapo nta ilijikusanya nene kwenye mkunjo. Marwa alikohoa, akatazama pembeni.

Angeweza kuifunika. Baba yake alikuwa hatua kadhaa nyuma. Scolastika aliinama, akaichukua, akageuka, akamwekea baba yake kiganjani.

"Hii imebaki," alisema. "Nilipaka nta nyingi kwenye mkunjo."

Jilala alikitazama kipande kile. Akakibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua taratibu, na karatasi ikaachia kama ganda la kidonda kilichopona, ikawa unga mweusi, na katika unga ule nyungunyungu mmoja mwembamba akajinyoosha kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Jilala akauendea mtungi, akachota maji kwa kata, akautumbukiza ule unga, akakoroga kwa kidole. Wote watatu waliinama kutazama. Maji yalichafuka. Kisha kila kitu kikazama, na hakuna kilichoelea ila nyuso zao.

Mzee akamwaga maji yale juu ya lundo. Akaenda kwenye boma, akaichomoa ile pakiti kwenye mwiba. Mwiba ulikuwa umetoboa katikati ya jina lake. Akaikunja ndogo, akaitia mfukoni mwa koti.

"Hii ni ya Kabula, nitaitunza mimi," alisema. "Hiyo nyingine, ya karatasi, andika jina. Liandike kubwa. Wakuulize Jilala ni nani, uwaambie."

Scolastika hakujua kama anataka kucheka au kulia, kwa hiyo akasimama wima, kama alivyozoea.

Kutoka njia ya malishoni kengele ikaanza kusikika, nzito, bila kuruka pigo. Alikuwa mtamba wa Kabula, mwekundu kama mama yake, na shingoni amevishwa kengele ile ile.

"Lakini jina halitolewi bure," alisema Jilala, masikio yake yakiwa kwenye kengele. "Niahidi. Kwa sauti. Na hao wanaokuja wasikie."

Ng'ombe walikuwa wameanza kuingia zizini, wakiwapita pande zote mbili, vumbi na joto na pumzi. Scolastika aliweka kiganja juu ya mgongo wa mtamba yule, akapaza sauti.

"Baba Jilala! Mbele ya zizi lako, na mbele ya huyu Mkurya anayejifanya hasikii, nakuahidi. Hakuna mfuko utakaobeba jina lako ambao sijauzika kwanza hapa kwa mikono yangu. Na ikitokea ng'ombe yeyote, awe wako, awe wa adui yako, akakutwa na jina hili tumboni, usinitumie mtu wa kuja kunigombeza. Nitumie mfuko wenyewe kwenye sahani. Nitasimama katikati ya soko la Nyasubi, nitautafuna, nitaumeza, na sitaomba maji."